Kanuni za Kupiga Picha Sura ya Nairobi, na Kwa Nini Zinapaswa Kuandikwa Mahali Panapoonekana

Sura ya jiji la Nairobi ni ya kila anayeitazama. Hiyo ndiyo imani yangu, na ndiyo sababu ninaandika kwa urefu kuhusu kanuni zinazomhusu mtu anayetaka kuipiga picha akiwa mahali palipo wazi kwa umma: juu ya paa la jumba la mikutano la KICC, kwenye mteremko wa Uhuru Park, kando ya barabara, au ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ambako twiga husimama mbele ya maghorofa. Kanuni zenyewe zipo, na baadhi yake zina sababu nzito. Hata hivyo zimetawanyika katika sheria mbalimbali na hazijabandikwa pale zinapohitajika, hivyo anayezitafsiri kila siku ni mlinzi aliye langoni. Naye, kwa kukosa maandishi ya kumwongoza, hutumia kipimo kimoja anachoweza kukiona kwa macho yake, yaani ukubwa wa kamera.

Kipimo hicho ndicho ninachokipinga. Simu za siku hizi hupiga picha inayoweza kuchapishwa kwenye bango kubwa la barabarani, lakini mwenye simu hupita bila kuulizwa neno, ilhali mwenye kamera yenye lenzi ndefu husimamishwa na kuulizwa, "Hiyo kamera ni ya kazi gani? Una barua kutoka wapi?" Wote wawili huenda wameelekeza macho upande uleule na kupiga jengo lilelile. Tena mtu mwenye nia mbaya, ambaye ndiye hasa mlinzi anamhofia, angechagua simu kwa sababu haimshtui yeyote. Anayebaki kuhojiwa ni mwanafunzi wa upigaji picha, mgeni aliyekuja kutembea, na fundi anayeishi kwa kazi yake.

Siwalaumu walinzi. Jiji hili lina kumbukumbu chungu. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, na watu zaidi ya mia mbili wakafa. Mahali hapo sasa pana bustani ya kumbukumbu yenye majina yao. Mwaka 2013 likaja shambulio la jumba la maduka la Westgate, na Januari 2019 likaja shambulio la Riverside. Anayesimama langoni tangu alfajiri akijua kwamba kosa lake moja linaweza kugharimu maisha ya watu ana haki ya kuwa na wasiwasi, na pia ana haki ya kupewa maagizo yanayoeleweka ili wasiwasi huo usigeuke kuwa sheria anayoitunga mwenyewe.

Nianze na KICC, kwa kuwa ndipo mahali ambapo kanuni ziko karibu zaidi na vile zinavyostahili kuwa. Jengo hilo lilichorwa na Mnorwe Karl Henrik Nøstvik akishirikiana na David Mutiso, likafunguliwa mwaka 1973, na kwa urefu wake wa mita 105 lilibaki kuwa refu kuliko yote nchini hadi Times Tower lilipojengwa katika miaka ya 1990. Juu kabisa kuna uwanja wa kutulia helikopta, na kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakiruhusiwa kupanda huko kwa kulipa kiingilio, raia akilipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje. Unalipa chini, unapewa risiti, unapanda lifti, kisha unamalizia kwa ngazi. Ukifika juu uko huru kutembea pande zote: magharibi unaona Bunge, Uhuru Park na maghorofa ya Upper Hill, kusini unaona stesheni ya reli na mbuga, kusini-magharibi vilima vya Ngong, na asubuhi ya anga safi, kwa bahati, Mlima Kenya upande wa kaskazini.

Ninachokipenda katika utaratibu huo ni kwamba malipo ni ya kuingia mahali, wala si ya kumiliki kamera. Aliyelipa amelipa. Vikwazo vilivyopo, kama vile kufungwa kwa paa wakati wa mikutano ya viongozi wa nchi, ni vya mahali na wakati, na kila mtu anaelewa sababu yake. Hata hivyo, mpigapicha mwenye busara huuliza mapema kuhusu stendi ya kamera, maana paa hilo lina upepo mkali, na stendi iliyoangushwa na upepo huo ni hatari ya kweli kwa wenzake waliosimama hapo. Huo ni mfano wa katazo ambalo ningelitii bila kinyongo.

Chini ya jengo hilohilo, katika uwanja wenye sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta, kuna watu ambao hawatajwi inavyostahili panapozungumzwa mambo haya. Ni wapigapicha wa kazi, wale ambao kwa miongo mingi wamewapiga picha wageni waliotoka mashambani kuja kuona jiji, mnara ukiwa nyuma yao, kisha wakawapa picha iliyochapishwa kwenye karatasi. Katika nyumba nyingi za Kenya kuna picha ya namna hiyo ukutani au ndani ya albamu: baba akiwa kijana, suruali pana chini, mkono mfukoni, na KICC ikiinuka begani mwake. Picha hizo ndizo zilizoifundisha nchi nzima jinsi mji mkuu wake unavyofanana, kabla televisheni haijafika vijijini. Waliozipiga walifanya kazi hiyo kwa ruhusa, wakati mwingine kwa kuvumiliwa tu, na wamewahi kukimbizana na askari wa jiji kama wachuuzi wengine. Leo wengi wao wanabeba kamera za dijitali na mashine ndogo za kuchapisha, na ushindani wao mkubwa ni simu ya mteja mwenyewe. Kanuni yoyote itakayowekwa kuhusu kupiga picha za jiji ni lazima iwafikirie hao kwanza, kwa kuwa kwao ni riziki, na kwa kuwa wanaujua mwanga wa mahali pale kuliko afisa yeyote.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Uhuru Park, ambako nadhani ndiko mahali pa haki zaidi pa kuitazama Nairobi. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1969, nayo imelala upande wa magharibi wa katikati ya jiji, ardhi yake ikipanda taratibu, kiasi kwamba ukisimama sehemu ya juu na kutazama mashariki unaona majengo yote yamejipanga mbele yako. Asubuhi jua liko nyuma ya majengo na picha hutoka na vivuli vizito. Alasiri ndipo nyuso za maghorofa huangaziwa, na karibu na saa kumi na moja jioni rangi ya udongo ya KICC hung'aa kwa namna ambayo haihitaji kurekebishwa kwa programu yoyote. Ziwa dogo lililo chini huakisi majengo upepo ukitulia. Tangu mwaka 2022 barabara ya juu ya Nairobi Expressway imepita kati ya bustani na jiji, na mstari wake wa zege umekata sehemu ya chini ya mandhari, hivyo mpigapicha analazimika kupanda juu zaidi ili nguzo zisimzuie.

Bustani hii isingekuwepo leo kama isingetetewa. Mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ilipanga kujenga humo jengo la ghorofa 60, pamoja na ofisi za chama na maegesho ya magari. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipinga kwa barua na kwa sauti, akatukanwa Bungeni, lakini hakurudi nyuma, na wafadhili walipojiondoa mradi ukafa. Huwa namkumbuka kila ninapoinua kamera pale juu. Aliilinda nafasi ya mtu asiye na kiingilio kukaa kwenye nyasi na kuutazama mji wake, na kumzuia mtu huyo asipige picha ya anachokitazama ni kumnyang'anya sehemu ya kile alichopiganiwa.

Bustani iko chini ya Serikali ya Kaunti ya Nairobi. Ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati mkubwa, na ukarabati wa namna hiyo huleta ua, malango na walinzi wapya. Kwenye malango ndiko maswali huanzia. Je, mwenye kamera anahitaji kibali? Je, stendi inaruhusiwa? Wanaokuja kupiga picha za harusi walipie wapi? Kaunti hutoza ada kwa shughuli za kibiashara zinazofanyika katika maeneo yake, jambo ambalo ni halali, maana anayefunga sehemu ya bustani kwa saa nzima ili apige tangazo la benki anatumia mali ya wote kwa faida yake. Tatizo huja pale ada ya tangazo la benki inapodaiwa kwa kijana aliyekaa peke yake kwenye nyasi akisubiri taa za jiji ziwake.

Sasa tuangalie sheria zenyewe zinasema nini, maana mara nyingi neno "ni sheria" hutamkwa bila sheria yenyewe kutajwa. Sheria ya Siri Rasmi, Sura ya 187, inakataza kupiga picha ya mahali palipopigwa marufuku bila idhini ya afisa anayesimamia mahali hapo. Kambi za jeshi na mitambo ya ulinzi zinaangukia humo, na hakuna mpigapicha mwenye akili timamu anayebishana kuhusu hilo. Sheria ya Maeneo Yanayolindwa, Sura ya 204, inahusu zaidi kuingia katika maeneo yaliyotangazwa kuwa ya ulinzi bila ruhusa. Ndiyo maana mtu anashauriwa asielekeze lenzi Ikulu, asisimame kando ya ukuta wa Bunge akipiga picha za lango, na asikaribie kaburi la Mzee Kenyatta lililo hapo jirani akiwa na kamera mkononi, hasa baada ya waandamanaji kuvamia Bunge Juni 2024, tukio lililoongeza ulinzi wa eneo lote hilo. Lakini mnara wa saa wa Bunge ukionekana kwa mbali, ukiwa sehemu ndogo ya picha pana iliyopigwa kutoka bustanini au kutoka paa ambalo serikali yenyewe inauza tiketi zake, ni vigumu kuona hatari iliyoongezeka.

Kwa upande wa filamu, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inamtaka anayetengeneza filamu ya kuonyeshwa hadharani awe na leseni, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ndiyo inayohusika. Sheria hiyo ni ya filamu, na picha mnato ni jambo jingine, ingawa langoni mambo hayo mawili huchanganywa kila siku kwa sababu kamera ni ileile. Kuhusu haki za wachoraji wa majengo, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaruhusu kutoa nakala na kuisambaza kazi ya sanaa iliyoko mahali inapoweza kuonekana na umma. Kwa maneno mengine, aliyepiga picha ya jiji akiwa barabarani na kuitengenezea kadi ya posta hahitaji kumwomba ruhusa mwenye kila ghorofa lililotokea humo. Wapo wenye majengo wanaodai vinginevyo, na madai yao hayana msingi maadamu mpigapicha amesimama nje ya ardhi yao. Akiingia ndani, akapanda kwenye mgahawa wa paani au ofisi ya ghorofa ya ishirini, hapo mwenye nyumba ana haki ya kuweka masharti yake, hata ya kukataza kamera kabisa.

Juu ya sheria hizo zote iko Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kutafuta na kutoa habari pamoja na uhuru wa ubunifu wa sanaa. Kifungu cha 24 kinasema kwamba haki haiwezi kupunguzwa ila kwa sheria, tena kwa kiasi kinachokubalika katika jamii ya wazi na ya kidemokrasia. Kifungu cha 47 kinampa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Nikivisoma vifungu hivyo kwa pamoja, naona kwamba katazo lisiloandikwa popote, linalotamkwa na mlinzi mmoja leo na kukanushwa na mwenzake kesho, lina miguu dhaifu sana. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeongeza uzito. Mpigapicha naye ana wajibu: akiwa bustanini asimfanye mtu aliyelala kwenye nyasi kuwa pambo la mbele la picha yake bila kumwomba, na mama anayecheza na mtoto wake akisema "hapana, ndugu yangu," neno hilo linatosha.

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ni habari nyingine kabisa. Ilitangazwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117, na picha yake ya faru au twiga mbele ya maghorofa imeizunguka dunia. Hapo kanuni zimeandikwa, zinajulikana, na zinatekelezwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori: unalipa kwa njia ya kielektroniki kabla ya kuingia, kiwango kikitofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni, unakaa ndani ya gari isipokuwa katika sehemu chache zilizotengwa, kama vile mahali zilipochomwa pembe za ndovu mwaka 1989 na tena mwaka 2016, na anayepiga filamu au picha za biashara hulipa ada yake ya pekee. Sina malalamiko juu ya hayo. Simba hasomi Katiba, na kanuni ya kutoteremka garini inamlinda mpigapicha na mnyama kwa pamoja.

Ugumu wa mbugani ni saa. Nairobi iko karibu sana na ikweta, jua huchwa karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza huingia haraka. Ile nafasi fupi ambamo anga bado ni la buluu na taa za madirisha zimeshawaka, ambayo kila mpigapicha wa miji huitafuta, hudumu kwa dakika chache tu, nayo huangukia wakati uleule ambao wageni wanatakiwa wawe njiani kuelekea langoni. Ningependa kuona siku chache katika mwaka, kwa malipo na chini ya askari wa wanyamapori, ambapo kikundi kidogo kinaruhusiwa kubaki katika sehemu moja hadi giza lishike. Mapato yangepatikana na wanyama wasingesumbuliwa. Kwa anayekwenda chini ya ratiba ya sasa, nashauri Desemba na Januari, maana miezi hiyo jua hupita upande wa kusini na kuangaza nyuso za majengo zinazotazama mbugani. Kuanzia Mei hadi Julai hupita kaskazini, na mchana kutwa unapiga upande wenye kivuli.

Kuhusu droni nitasema kwa ufupi. Kanuni za mwaka 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Angani zinataka chombo kisajiliwe na anayekirusha awe na idhini, na uwanja wa ndege wa Wilson uko jirani mno na katikati ya jiji kiasi kwamba tahadhari hiyo haiwezi kuitwa usumbufu. Mgeni asiye na vibali asilete droni nchini akitumaini kwamba mambo yatajipa.

Jiji jingine lililowahi kulikabili swali hili kwa uwazi ni New York. Mwaka 2007 ofisi ya meya inayoshughulikia filamu ilipendekeza kwamba watu wawili au zaidi wanaotumia kamera mahali pamoja kwa zaidi ya nusu saa wawe na kibali na bima ya dola milioni moja, na vivyo hivyo kundi la watu watano wenye stendi likizidi dakika kumi. Wapigapicha, watalii na watetezi wa haki walipinga, wakisema kanuni hiyo ingeikamata hata familia iliyokaa ufukweni ikipiga picha za daraja. Ofisi ikaiandika upya, na mwaka 2008 kanuni mpya ikatoka ikisema kwamba kamera ya mkononi haihitaji kibali, wala stendi yake haihitaji, maadamu mpigapicha hazuii njia wala kudai sehemu ya barabara iwe yake peke yake. Walihama kutoka kwenye kuhesabu vifaa na dakika wakaja kwenye kuangalia mtu anafanya nini mahali pale. Wakati huohuo, majengo yenye minara ya kutazamia kwa tiketi, kama Top of the Rock, yaliendelea kukataza stendi kwa sababu ya msongamano, na hakuna aliyeona mgongano, kwa kuwa paa la mtu binafsi na njia ya umma ni vitu viwili tofauti.

Nairobi inaweza kufanya hivyo kwa gharama ya ubao na rangi. Ningetaka kila lango la Uhuru Park, na kila mahali pa umma pa kulitazama jiji hili, pawe na kibao kwa Kiswahili na Kiingereza kinachoeleza kwamba picha za binafsi zinaruhusiwa bila malipo kwa kamera ya aina yoyote. Kwamba stendi inaruhusiwa mradi haizibi njia. Kwamba anayefunga eneo, anayeleta waigizaji au mitambo ya taa, au anayepiga tangazo, atapata kibali katika ofisi iliyotajwa hapo kwa ada iliyoandikwa hapo. Kwamba wapigapicha wa kazi waliosajiliwa wana sehemu yao na kitambulisho chao. Na kwamba majengo fulani, yakitajwa kwa majina, hayaruhusiwi kupigwa kwa karibu. Mwisho wa kibao iwekwe nambari ya simu ya afisa anayeweza kuamua ubishi papo hapo, saa zote ambazo lango liko wazi, na mlinzi aagizwe kuipiga mwenyewe kabla ya kumwambia mtu yeyote afute picha.